Dawa ya Baridi Moja

Woodbury, Minnesota
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba Joy,

Pokea salamu zangu, na barua hii ikukute umekaa, si mbioni kwenda shambani, maana ni ndefu na sitaki uisome nusu. Mzee anaendeleaje? Kile kikohozi chake cha alfajiri kimepungua, au bado anakataa kuvaa sweta? Na mgongo wako? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila magoti huniuma kila hewa inapobadilika, na hapa hewa imekwisha kubadilika. Majani yote yameanguka. Ukiamka asubuhi unakuta nyasi za mbele ya nyumba nyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Theluji yenyewe bado, lakini watu wameshaanza kununua chumvi ya kumwaga kwenye ngazi.

Usishangae kupata barua. Najua utasema mwanamke huyu amepatwa na nini, ana simu nzuri na anaandika kwa kalamu kama watu wa zamani. Nampa Mama Faith wa kanisani, anasafiri Alhamisi, na kaka yake wa Mbale, hapo karibu nanyi, atakuletea mpaka mkononi. Nimefanya hivyo kwa sababu kwenye simu wewe ni mtu wa kuteleza. Nikikuuliza neno zito, mtandao unasumbua. Nikikuuliza tena, Mzee anakuita. Karatasi haina mtandao, Baba Joy. Utaisoma hata ukinikasirikia.

Habari ninayokuletea ni ya gari lako.

Ulipoliacha mbele ya gereji theluji ilikuwa haijayeyuka. Mama alikuwa amefariki juzi yake, wewe ulikuwa unaingiza nguo kwenye sanduku bila kuzikunja, na uliniambia wiki tatu. Tumzike Mama, ukae na Mzee kidogo, urudi. Tarehe ya tiketi ikapita, ukasema Mzee hali vizuri. Ikaja Pasaka, ukasema tutaona, mahindi yapaliliwe kwanza. Mahindi yamepaliliwa, yamevunwa, na nadhani mmeshayala. Sikukulaumu. Wewe ndiwe kitindamimba, boma la baba ni lako kulitunza kwa desturi ya kwenu, na hayo niliyajua nilipokubali kuolewa Vihiga. Nikanyamaza kwa heshima ya msiba. Lakini hata matanga huanuliwa, na mimi nimenyamaza vya kutosha.

Haya, gari. Uliniambia niwe naliwasha kila wiki lisife. Si ndivyo tulivyozoea? Unamkumbuka yule mwalimu mkuu mstaafu, jirani yenu, alivyokuwa akiliwasha gari lake uani kila Jumapili, lingurume kidogo majirani wasikie, kisha alizime arudi ndani kunywa chai. Nami nikafanya vivyo hivyo. Kila Jumapili nikitoka kanisani, kabla sijavua viatu, naingia garini mwako, naliwasha, halafu nahamia kiti cha abiria, upande wangu, na kukupigia simu. Hukuwa unajua hilo. Simu zetu zote za Jumapili tangu uondoke zimepigwa ndani ya gari lako. Mmeshindaje, Mzee yuko vipi, Joy anasoma, mvua imenyesha, haya, Mungu awabariki. Dakika kumi hivi. Kisha nalizima naingia kupika.

Jumapili moja mwezi huu nikageuza ufunguo, likatoa mlio tik tik tik, likanyamaza. Nikajaribu tena, hata huo mlio haukuja. Ile Jumapili ambayo sikukupigia, ukadhani niko kazini, ndiyo hiyo. Nilikuwa nimekaa garini mlango wazi, na gauni langu la kanisani, nalilia betri. Wacha tu. Mtu angepita, angedhani nimefiwa.

Nikamwita Papa Safi. Humjui vizuri, ni yule Mkongo wa Uvira aliyeingia kwaya muda mfupi kabla hujasafiri, mrefu, anafanya kazi kiwanda cha madirisha kule Plymouth. Alikuja na nyaya zake, akaunganisha betri yako na gari lake, likawaka. Kisha akaniuliza nimekuwa nikilitunza vipi. Nikamweleza kwa kujivuna kidogo: kila Jumapili, sijakosa, dakika kumi. Alicheka mpaka akaegemea boneti.

"Mama Joy," akasema, "ni hiyo inaiua. Motokari ya kwenye baridi, ao unaitembeza mpaka ipate moto muzuri, ao unaiacha ilale. Ile ya katikati ndiyo inaua."

Akanieleza taratibu. Kumbe kuliwasha tu kunanyonya betri sana, na dakika kumi hazitoshi kuirudishia ilichotoa. Injini inapata joto la juujuu, maji yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili, na kidogo kidogo kutu inaingia. Asinione mjinga, akasema, yeye mwaka wake wa kwanza alifanya baya zaidi. Aliegesha gari la shemeji yake miezi yote ya baridi akavuta hendibreki kwa nguvu zake zote, kama mtu aliyezoea milima ya kwao. Baridi ilipokwisha magurudumu ya nyuma yalikataa kuzunguka, breki zimeshikana na chuma, na shemeji yake mpaka leo hamwachii ufunguo hata wa nyumba.

Mimi nilicheka, lakini moyoni nilikuwa mbali. Nilikuwa nawaza simu zetu. Dakika kumi kila Jumapili, hazipati moto, hazifiki popote, na nikimaliza nakuwa nimechoka kuliko kabla sijapiga. Nilidhani nalinda kitu kisife.

Papa Safi akasema gari hili tulilaze sawasawa kabla theluji haijaanguka. Kisha akaniuliza swali ambalo kwake lilikuwa la kazi tu.

"Italala miezi ngapi?"

Nikamuuliza kwani kuna tofauti. Akasema ipo kubwa. Likilala baridi moja, yaani mpaka theluji iyeyuke, tunajaza tanki mpaka juu lisibaki na nafasi ya unyevu, tunatia dawa ya petroli isichache, tunatoa betri, basi. Lakini kama ni la kukaa miaka, ni habari nyingine. Petroli yote inatolewa, gari linainuliwa juu ya mbao, na yeye kwa ushauri wake angeliuza tu, maana gari lisilo na mtu wa kulirudia linaoza hata ulitunzeje. Alikuwa anasubiri jibu huku anazungusha nyaya zake. Baba Joy, nilisimama pale mbele ya nyumba yetu kama mtoto aliyesahau shairi. Yeye aliuliza gari, mimi nilisikia mume. Nikamwambia arudi Jumamosi, nitakuwa nimepata jibu.

Katikati ya wiki Joy akaja na mfuko wake wa nguo chafu, maana mashine za kufulia za pale chuoni hazipendi. Nikamweleza habari ya gari, na kwamba sijui nijibu nini. Akanijibu kwa Kizungu kama kawaida yake, akaniuliza kwani mimi sijaona picha. Picha gani? Akasitasita, akasema ulimwambia asinionyeshe kwanza, kwamba utanieleza mwenyewe. Nikanyoosha mkono tu, akanipa simu.

Nimeliona zizi. Sakafu ya saruji, mfereji wa maji, mabati mapya, na pembeni msingi wa kitu kingine ambacho sijakijua. Na wewe umesimama katikati na mwiko wa kujengea mkononi, suruali imejaa udongo mpaka magotini, unacheka na meno yote. Niliitazama picha hiyo mpaka Joy akanigusa bega. Mtu wa wiki tatu hajengi kwa saruji. Mtu wa "tutaona" hachimbi msingi.

Nilikasirika, sitakuficha. Si kwa sababu ya zizi. Kwa sababu mtoto amejua kabla yangu, na kwa sababu Jumapili zote hizo ulikuwa unanipa habari za mvua. Siku hiyo hasira hiyo nilikwenda nayo kazini, pale kwenye nyumba ya wazee tulipokuwa tukifanya kazi wote. Nilikuwa nimepangiwa yule mzee wa chumba cha mwisho, yule uliyekuwa unamnyoa wewe, bado anakuulizia, ananiuliza yule bwana mwenye mikono ya taratibu yuko wapi. Nikamwambia amekwenda kumtunza baba yake. Yule mgonjwa wangu akasema, "Ana bahati baba yake." Kisha akageukia dirisha, na mimi nikaendelea kumfunga vifungo vya shati.

Hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kukaa. Nilikumbuka maneno uliyokuwa ukisema ukirudi kazini na mgongo unauma, kwamba sisi tunaosha baba za watu, wetu anaoshwa na nani? Nilikuwa nakwambia ale kwanza aliyechoka, mengine tutajua mbele. Nilikuwa nakwepa. Na ile picha, Baba Joy, nimeishi nawe nchi hii miaka yote hii na sijawahi kukuona unacheka hivyo. Hata siku tuliyopata nyumba. Nitakukasirikiaje kwa kucheka?

Jumamosi Papa Safi alikuja mapema, amevaa koti juu ya koti. Tuliliosha gari kwanza, hasa chini, maana ile chumvi ya barabarani ya mwaka jana ilikuwa bado imeganda kwenye vyuma. Akabadilisha oili. Mimi nikasafisha ndani. Wewe na karanga zako! Nilizikuta chini ya kiti, kwenye mifuko ya mlango, mpaka kwenye kile kijisanduku cha mbele. Na mpangaji alikuwa ameshahamia. Panya amejitengenezea kitanda chini ya kiti cha nyuma, godoro lake ni glavu yako moja ya sufu, ameitafuna ikawa pamba tupu. Papa Safi akasema panya wa huku wakishapata karanga na kitanda hawaishii hapo, wanageukia nyaya za injini. Tulitoa kila kitu, tukafyonza vumbi.

Hapo tukajaza petroli kwa madumu aliyokuja nayo kwenye gari lake. Tanki lilipojaa akatoa chupa ya dawa mfukoni, akafungua kifuniko, akaniangalia bila kuuliza. Swali lilikuwa lile lile.

Nikamwambia, "Baridi moja."

"Moja tu?"

"Moja tu."

Akamimina. Akasema sasa lazima gari litembee ili dawa ifike kwenye injini, na akanipa ufunguo, maana yeye hayumo kwenye bima yako. Nikaingia upande wa dereva, miguu yangu haikufika kwenye pedali. Miezi yote hiyo nilikuwa naliwasha nikiwa nimekaa ukingoni, sikukisogeza kiti chako, kilikuwa bado kimerudi nyuma kwa urefu wako. Nikatafuta kile kikono cha chini, nikakisogeza mbele. Ni kitu kidogo, lakini nililia, nikaendesha nalia mpaka tukatokea barabara kubwa. Papa Safi, Mungu ambariki, aligeuza uso dirishani akaanza kunihesabia bata bukini wanaoruka kwenda kusini, mmoja mmoja, kana kwamba amelipwa kwa kazi hiyo. Tulikwenda mpaka Apple Valley tukarudi. Injini yako ni nzuri, Baba Joy. Ilikuwa imetulia kabisa.

Imebaki mahali pa kulilaza. Barabarani haiwezekani, unajua, theluji ikianguka magari yote yatolewe au yanavutwa. Mimi nilikuwa nimeshafagia gereji na kupanga kwamba lako ndilo liingie ndani na langu likae nje. Niliona ndiyo heshima, gari la mwenye nyumba. Tulipofika nikamwambia Papa Safi afungue mlango wa gereji. Akafungua, kisha akasimama akaangalia gari langu, akaangalia lako, akaniuliza kwa upole kama yule anayeamka kabla ya jua kwenda kazini ndiye atakayekwangua barafu kwenye kioo kila siku, ili yule anayelala apate joto. Mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

Basi lako liko nje, ubavuni mwa nyumba, pale palipokuwa na meza yako ya kuchomea nyama. Nimelifunika kwa kitambaa chake kinachopitisha hewa, si turubai la nailoni, hilo linahifadhi unyevu. Tairi nimeziongeza upepo. Hendibreki haijavutwa, nimeweka vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Mdomo wa ekzosi tumeuziba kwa ile sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, panya asipite, na kufunga utepe mwekundu unaoning'inia nje, ili atakayeliwasha akumbuke kuitoa. Betri nimeitoa, iko ndani ya nyumba, chini, juu ya ubao. Halitawashwa tena Jumapili, na mimi sitakaa ndani yake kuongea na wewe habari za mvua. Gereji ni ya gari langu. Naona ndiyo haki, na nadhani ukitulia nawe utaona hivyo.

Sasa sikiliza, maana ndilo nililoandikia. Sikwambii umwache Mzee. Ungemwacha nisingekuheshimu tena. Wala sikwambii urudi kwa sababu ya nyumba au kwa sababu ya watu wa kanisa wanaoniuliza kila Jumapili. Nataka uniambie unachokitaka, wewe, kwa mdomo wako, bila kuchungulia nitakasirika au nitalia. Nitalia, na nitanyamaza. Ukisema unarudi, sema pia Mzee atabaki na nani, tupange kama watu wazima. Ukisema umekwishakaa, basi nitauza magari yote mawili, nitamsubiri Joy amalize mwaka huu, atahamia kwa mwenzake, nami nitakuja. Ulinioa Mombasa sijui kushika jembe, mama yako akanicheka mpaka akakaa chini, na bado akanifundisha kuchuma majani ya chai. Nitakumbuka. Wagonjwa wapo hata Vihiga. Nilichoshindwa nacho ni kuishi katikati, nusu mke na nusu mjane, nikiulizwa neno nasema tutaona.

Nisalimie Mzee sana. Mwambie mkaza mwana wake anamwombea na anasema sweta aivae. Msalimie wifi Agneta anayewapikia, na shangazi yako aliyeimba siku ya mazishi, sauti yake bado naisikia. Yule fundi mliyejenga naye zizi mwambie sakafu ni nzuri, nimeiona. Joy anakusalimu, ana wasiwasi umemkasirikia kwa ajili ya picha, umwandikie mwenyewe umwambie hapana. Papa Safi naye anakusalimu ingawa hamjawahi kula pamoja, anasema una gari zuri na tabia mbaya ya karanga.

Mimi ni mkeo, sijachoka kuwa mkeo. Lakini dawa niliyotia ni ya baridi moja. Kabla haijaisha nguvu, ama wewe utakuwa hapa uliwashe hilo gari, ama mimi nitakuwa huko. Ya pili sitaitia.

Wako,
Mama Joy